Debe Limfuate Mkimbiaji

(Mazungumzo na viongozi wa vikundi vya kujisaidia)

Leo tuache kidogo habari za mbuzi wa maziwa na michango. Tuongee juu ya pumzi.

Mnakumbuka ile siku yetu ya michezo. Tulisimama kando ya njia tukapiga madebe kwa nguvu, huku tukipaza sauti, "Kimbia! Kimbia!" Msichana mmoja alifika mlimani kifua kikilia, akaanguka. Kumbe ana pumu, na hakuna kati yetu aliyekuwa amemwuliza. Tunashukuru alipata nafuu. Lakini mama yake alituambia, "Nyinyi ndio mliomkimbiza." Hatukuwa na jibu.

Sauti ina nguvu, ndugu zetu. Ukipiga debe haraka, miguu huenda haraka, na pumzi hufuata miguu. Mwaka 1983 wataalamu wawili wa Marekani, Dennis Bramble na David Carrier, waliandika kwamba mnyama wa miguu minne akienda mbio huvuta pumzi mara moja kwa kila mruko. Binadamu anaweza kubadilisha mpango wake. Ule walioukuta zaidi ni pumzi moja kwa hatua nne. Kwa hiyo tunaweza kujifunza.

Tufanye hivi:

1. Tuanze kwa kutembea. Mpigaji agonge debe mara mbili kwa kiganja: vuta, vuta. Kisha mara mbili kwa kijiti: toa, toa. Kila mgongo mmoja ni hatua moja.

2. Mpigaji amtazame aliye nyuma, si aliye mbele. Debe limfuate mkimbiaji, lisimfukuze.

3. Mkimbiaji aweze kusema sentensi moja bila kukatika. Akishindwa, tupunguze mwendo. Mlimani pumzi huwa fupi, na hakuna aibu kutembea.

4. Baadaye tuliache debe. Kila mtu asikilize kishindo cha miguu yake mwenyewe, kwa maana mapafu hayafanani. Barabarani masikio yabaki wazi ili tusikie magari.

Tusidanganyane: debe si dawa. Mwenye pumu ashauriane kwanza na kliniki, na dawa yake ya kuvuta iwe karibu. Kifua kikibana, asimame, aketi wima, atumie dawa yake. Asipopata nafuu, apelekwe hospitali mara moja. Tusingoje mbio ziishe.

Yule msichana anataka kukimbia tena. Mama yake bado hajakubali, na hatutamsukuma. Tumemwomba tu aje Jumamosi uwanjani aketi nasi, atuone tunavyofanya. Na kabla debe halijalia, tutamwuliza kila mtoto, mmoja mmoja: "Kifua chako kikoje?" Swali hilo tungaliliuliza mwanzoni.