Mafunzo Yaliyojificha Kwenye Vitabu vya Picha
(Mazungumzo na wazazi, Bloomington)



Wengi mnauliza: "Mtoto ameleta kitabu cha picha, nami Kiingereza sijui. Nitamsomeaje?" Jibu langu ni hili: funzo la kitabu hicho limo pia kwenye picha, na wewe unaweza kulitoa kwa Kiswahili.

Chukueni The Snowy Day cha Ezra Jack Keats, kilichotoka mwaka 1962. Peter, mtoto mweusi, anaamka na kukuta theluji imejaa nje. Anavaa nguo nyekundu za baridi, anatoka kucheza. Anatamani kucheza na wavulana wakubwa, lakini anaona bado ni mdogo. Anatia donge la theluji mfukoni aje nalo nyumbani. Baadaye akiangalia, mfuko mtupu! Anahuzunika. Asubuhi theluji mpya inaanguka, naye anakwenda kumwita rafiki yake.

Mwandishi hasemi "funzo ni hili". Kama katika hadithi zetu, mkubwa ndiye huuliza. Mwulize mwanao: Donge limekwenda wapi? Sisi tuliacha nini kule tulikotoka? Kesho yake Peter alipata nini? Hapo mtaongea mambo ambayo shule haiwezi kuyafundisha.

Kipo pia kitabu chenye lugha yetu: Moja Means One cha Muriel Feelings, cha mwaka 1971, chenye michoro ya Tom Feelings. Kinahesabu moja hadi kumi kwa Kiswahili. Kwenye kitabu hicho wewe ndiye unayejua, na mtoto ndiye anayeuliza.

Jambo hili si dogo. Huku watoto wetu ndio wanaotusomea barua na kutupokelea simu. Taratibu mtoto anaanza kudhani mzazi wake hana la kumfundisha, na Kiswahili kinamtoka mdomoni. Dakika kumi za kitabu kila jioni zinamrudisha kwako.

Hapa Bloomington tunazo maktaba za kaunti ya Hennepin, kama Oxboro na Penn Lake. Kadi ni bure, kuazima ni bure, na kuchelewesha kitabu hakuna faini. Kikipotea ndipo hulipiwa.

Leo jioni kaa na mwanao, fungua ukurasa wa kwanza, onyesha picha, uliza: "Huyu anafanya nini? Kwa nini?" Kisha msikilize.