Fidia ya Aliyejeruhiwa Ajalini: Hesabu Inaanzia Wapi?

(Mada iliyotolewa katika semina ya wasaidizi wa kisheria na viongozi wa vikundi vya kuweka na kukopa)



Tumeombwa kuzungumzia madai ya fidia baada ya ajali za barabarani. Tuanze na jambo linalowachanganya wengi vijijini kwetu. Dereva akishitakiwa kwa uzembe na kutozwa faini, fedha ile inakwenda serikalini. Siyo fidia ya majeruhi. Kudai fidia kwa kawaida ni shauri jingine, la madai, dhidi ya dereva na mwenye gari. Hukumu ya jinai itasaidia kama ushahidi, basi.

Nyuma ya mwenye gari ipo bima. Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, inataka gari linalotembea barabarani liwe na bima inayowalinda watu wengine. Kwa hiyo siku ile ile andikeni namba ya gari, na hakikisheni PF3 ya polisi imechukuliwa na nakala yake kutunzwa. Aidha, muda una mwisho: chini ya Sheria ya Ukomo wa Muda, Sura ya 89, madai ya namna hii hufunguliwa ndani ya miaka 3. Mazungumzo na kampuni ya bima hayasimamishi muda huo, hata yakiwa ya kirafiki namna gani. (Aliyeumia akiwa kazini kwa mwajiri ana njia nyingine, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanza kazi mwaka 2015, ambako halazimiki kuthibitisha kosa la mwajiri. Hiyo tutaipatia siku yake.)

Sasa tuje kwenye fedha, maana hapa ndipo watu wetu wanapopunjika. Tuchukue mfano wa kutunga. Mama lishe wa miaka 35 amegongwa na basi dogo, mguu umebaki na ulemavu. Wiki ya tatu anakuja mtu na shilingi 800,000 na karatasi ya kutia dole gumba. Risiti zake za hospitali zinafika 650,000, kwa hiyo familia inaona imepata na chenji. Je, ni kweli?

Risiti ni sehemu moja tu. Hasara zinazohesabika, kama dawa, nauli na magongo, mahakama huzitaka zitajwe moja moja na kuthibitishwa kikamilifu. Maumivu na kupungukiwa na raha ya maisha hakimu huyapima kwa busara yake. Lakini fungu kubwa mara nyingi ni kipato cha miaka ijayo, na hilo halina risiti.

Tuseme mama huyu alikuwa akibaki na shilingi 10,000 kwa siku baada ya kutoa mchele, mkaa na ushuru, siku 26 kwa mwezi. Ni 260,000 kwa mwezi, 3,120,000 kwa mwaka. Daktari anasema uwezo wake wa kazi umepungua kwa asilimia 40. Hasara ya mwaka ni 1,248,000. Angefanya kazi hadi miaka 60, yaani miaka 25. Je, tuzidishe kwa 25? Hapana. Fedha anazilipwa leo kwa mkupuo na anaweza kuzizalisha. Kwa riba ya asilimia 5, shilingi moja kila mwaka kwa miaka 25 ina thamani ya leo ya shilingi 14 hivi. Hakimu anaweza kuishusha zaidi, kwa kuwa hata bila ajali angeweza kuugua au biashara ikafa. Tukichukua 12, tunapata 14,976,000. Wakili wa upande wa pili akithibitisha kwamba mama alichangia kosa kwa robo, inabaki 11,232,000. Linganisheni na zile 800,000.

Hapo kuna mtego wa takwimu. Msikubali mtu atoe umri wa wastani wa kuishi tangu kuzaliwa na kusema mama huyu amebakiza kiasi fulani. Wastani ule umebeba vifo vya watoto wachanga. Aliyefika 35 amekwisha kuvuka hatari hizo, na miaka iliyobaki kwake ni mingi kuliko kutoa huko kunavyoonyesha.

Swali gumu ni lile la 10,000 kwa siku. Mwalimu ana hati ya mshahara. Mama lishe ana nini? Tunaona daftari la kikundi ni ushahidi mzuri kuliko tunavyodhani: hisa za kila wiki, mikopo na marejesho yake kwa tarehe, kabla na baada ya ajali. Ongezeni daftari la muuza mchele na risiti za ushuru wa soko. Makatibu, msiyatupe madaftari ya zamani.

Tusiwadanganye watu: kesi ina gharama, na anayeshindwa huweza kuamriwa kulipa za mwenzake. Makubaliano nje ya mahakama yanaweza kuwa mazuri, mradi hesabu ifanyike kabla ya dole gumba, kwani karatasi ile kwa kawaida hufunga madai yote.

Sasa kaeni wanne wanne. Fanyeni hesabu ya seremala wa miaka 52 aliyepoteza vidole viwili vya mkono wa kulia, na mseme mtazidisha kwa ngapi na kwa nini.