Akiba ya Uzeeni kwa Mke Asiye na Mshahara

Akiba ya uzeeni nchini Kenya hufuata mshahara. Aliyeajiriwa hukatwa asilimia 6 kwa ajili ya Hazina ya Kitaifa ya Malipo ya Uzeeni, NSSF, naye mwajiri huongeza kiasi kama hicho. Viwango hivi vilianza Februari 2023, baada ya uamuzi wa Mahakama ya Rufani kuhusu Sheria ya NSSF ya mwaka 2013. Kabla ya hapo kila upande ulitoa shilingi 200 tu kwa mwezi. Leo mlinzi au dereva anayelipwa shilingi 30,000 jijini Nairobi huwekewa shilingi 3,600 kila mwezi. Mkewe aliyebaki Mutomo au Kathonzweni hawekewi hata senti, kwa kuwa hana mwajiri.

Nyumba za namna hii ni nyingi Kitui na Makueni. Kwa vizazi kadhaa wanaume wa Ukambani wamekwenda Nairobi na Mombasa kutafuta kazi, na shamba likabaki mikononi mwa wake zao. Mvua za Oktoba hadi Desemba ndizo zinazotegemewa zaidi, na mke ndiye anayeziwahi kwa jembe. Mwaka ukianza huvuna ndengu, huzianika uani, huzipura kwa fimbo, huzipeta na kuzitia guniani. Katikati ya hayo huteka maji, hulea watoto, huuguza wakwe, na akipata nafasi husuka kiondo. Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 inaihesabu kazi hiyo: kutunza nyumba, kulea watoto na kulima shamba ni mchango katika mali ya familia. Daftari la pensheni halina safu ya kazi hiyo.

Watu wengi huamini kwamba pensheni ya mume ni ya wote wawili. Ukweli ni kwamba akiba hiyo imeandikwa jina moja. Hata mume akifariki, sheria inayosimamia mifuko ya pensheni inasema kwamba fedha hizo haziingii kwenye mirathi. Wadhamini wa mfuko huzilipa kwa kufuata kanuni za mfuko, wakiongozwa na fomu ambamo mwanachama aliwataja wanufaika wake. Ikiwa fomu ilijazwa akiwa kijana asiyeoa, jina lililomo laweza kuwa la mama au la kaka. Mjane aliyeolewa kwa mila, ambaye mbuzi wa ntheo walipelekwa kwao mbele ya wazee lakini hana cheti, huanza safari ya kwenda kwa chifu kutafuta barua ya kuthibitisha kwamba alikuwa mke. Kwa hiyo hatua ya kwanza ya kumlinda mke, isiyogharimu mchango wowote, ni hii: fomu ya wanufaika ijazwe upya, na ndoa ya kimila isajiliwe kama Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 inavyotaka.

Hatua ya pili ni akaunti ya mke mwenyewe. Nchini Marekani ipo akaunti iliyowekwa mahususi kwa mwenzi asiye na kipato. Zamani mchango wake ulikuwa dola 250 tu kwa mwaka, mpaka sheria ya mwaka 1996 ilipoupandisha hadi dola 2,000, sawa na wa mfanyakazi. Tangu mwaka 2013 akaunti hiyo inaitwa kwa jina la Kay Bailey Hutchison, seneta wa Texas aliyeipigania. Kenya haina akaunti ya namna hiyo, lakini mlango haujafungwa. Mpango wa Mbao, ulioanzishwa mwaka 2011 kwa ajili ya watu wa jua kali, uliweka kiwango cha shilingi 20 kwa siku. Haba Haba ya NSSF ilifuata mwaka 2019 kwa shilingi 25. Ipo pia mifuko ya mtu binafsi inayoendeshwa na kampuni za bima. Hakuna anayelazimika kuwa na mwajiri, na michango huweza kulipwa kwa M-Pesa. Mume aliye mjini anaweza kulipa moja kwa moja katika akaunti ya mkewe.

Mchango wa mkulima si lazima ufuate tarehe ya mshahara. Unaweza kuwekwa ndengu zinapouzwa, au maembe ya Makueni yanapopata mnunuzi, au chama kinapogawana fedha mwezi Desemba. Chama kina kazi yake: hulipa karo, hukopesha, huzika. Ila fedha zinazogawanywa kila mwaka haziwezi kukaa miaka 25 zikizaa.

Muda ndio unaofanya kazi kubwa. Shilingi 500 kwa mwezi kwa miaka 25 ni shilingi 150,000. Zikipata riba ya asilimia 8 kwa mwaka, na riba hiyo ikiachwa izae tena, hufika takribani shilingi 475,000. Anayeanza miaka 10 baadaye, akachangia kiasi hicho hicho kwa miaka 15, hupata takribani shilingi 173,000. Riba hupanda na kushuka, na bei za vitu hupanda pia, kwa hiyo mchango unapaswa kuongezwa kadiri kipato kinavyokua.

Yapo ya kuangaliwa. Mfuko uwe umesajiliwa na Mamlaka ya Malipo ya Uzeeni, RBA. Laini ya simu na namba ya siri viwe vya mke mwenyewe, naye aisome taarifa ya akaunti kila mwaka. Nafuu ya kodi, ambayo tangu mwishoni mwa Desemba 2024 hufika mchango wa shilingi 30,000 kwa mwezi, humhusu mwenye kipato kwa akiba yake mwenyewe. Na kwa kuwa fedha hizi ni za uzeeni, akiba ya ugonjwa na ya ukame iwekwe kando.

Serikali nayo ina Inua Jamii: shilingi 2,000 kwa mwezi kwa waliosajiliwa wenye umri wa miaka 70 na zaidi. Mwanamke aliyeishika jembe tangu ujana hastahili kusubiri shilingi hizo tu. Mume anayekatwa NSSF kila mwezi na amwekee mkewe angalau shilingi 25 kwa siku, kwa jina la mke mwenyewe, kuanzia msimu huu.