Wajir si Mbali



Ukiaga Wajir kwenda Nairobi, kuna mzee atakuuliza, "Waenda Kenya?" Sisi hucheka. Hebu leo tusicheke.

Wanasema kule ni jangwa tupu. Sawa, watu ni wachache, hesabu ya 2019 ilipata 781,263, na ardhi ni kubwa: unganisha Rwanda na Burundi, bado hazifikii Wajir. Lakini mji ule ulizaliwa na maji. Ni visima vifupi, maji yana chumvi kidogo, na ngamia wamenyweshwa pale vizazi na vizazi.

Mkoloni aliifunga kaskazini yote, huingii wala hutoki bila kibali. Uhuru ukaja Desemba 12, 1963. Siku 16 baadaye, hali ya hatari ikatangazwa Kaskazini Mashariki. Iliondolewa lini? 1991! Mtoto aliyezaliwa wakati ule alikuwa mzazi kabla hajaishi chini ya sheria moja na Mkenya wa Nyeri. Na mwaka 1970 Bunge lilipitisha sheria ya kuwakinga maafisa wasishtakiwe kwa waliyoyafanya huko kati ya 1963 na 1967.

Basi yaliyotokea Wagalla hayakuanguka kutoka mbinguni. Februari 10, 1984, askari waliwakusanya wanaume wa ukoo wa Degodia, wakawapeleka kwenye uwanja wa ndege wa Wagalla, karibu na mji. Waliamriwa wavue nguo, walale kifudifudi juani. Siku kadhaa, bila chakula, bila maji. Wako waliopigwa risasi, wako walioungua, wako waliokufa kwa kiu, na visima vya Wajir viko palepale jirani. Mimi hapo ndipo hunishinda kuendelea.

Serikali ilisema waliokufa ni 57. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, katika ripoti yake ya 2013, iliona idadi inakaribia elfu moja.

Sasa wewe. Waliokuwepo ni wazee, na kila mwaka tunawazika. Simu unayo, na inarekodi. Keti na babu yako, au nyanya, maana wajane wana mengi zaidi, muulize: Februari ile ulikuwa wapi? Nani hakurudi nyumbani? Andika majina yote matatu, na jina la kisima alichokuwa akinyweshea mifugo.

Akinyamaza, usimharakishe. Mletee chai, rudi tena kesho.