Tyubu ya kuvulia: ichague vizuri kabla hujaikalia majini

Ongezeni sauti kidogo, na kama hapo nyumbani kuna kijana anayeshuka ziwani, mwiteni akae karibu na redio. Leo tunazungumzia tyubu.

Tyubu ninayosema ni ule mpira wa ndani wa tairi la lori. Mtu anaujaza upepo, anakaa katikati, miguu ikining'inia majini, anavua kwa ndoana. Tangu mwaka 2023, watu walipogawanywa makundi ya mgao wa chakula na wengine wakaanza kupata pungufu, vijana wanaouliza habari za tyubu wamekuwa wengi. Mtumbwi ni ghali. Tyubu kuukuu unaipata kwa fundi wa pancha. Kwa hiyo sitasema tu "msiende" halafu nizime maikrofoni. Nitawaambia tyubu gani inafaa, inatumiwaje, na mahali gani hata ile bora kuliko zote haifai kitu.

La sheria nilimalize haraka. Hapa Uganda uvuvi unataka leseni, na chombo nacho kinatakiwa kijulikane. Kabla hujatumia hata shilingi moja, nenda ofisi ya uvuvi uulize kinachoruhusiwa upande wako wa ziwa, ndoana zipi na wapi. Nasema hivi si kwa kuogopa wakubwa tu. Anayekimbia doria huingia ziwani usiku, na usiku ndiyo saa ya kiboko. Tutafika huko.

Sasa tyubu yenyewe. Lita 1 ya hewa ikizamishwa majini hubeba karibu kilo 1. Tyubu ya lori, ile iliyoandikwa 1000-20 au 1100-20 ubavuni, ikijazwa vizuri ina zaidi ya lita 100. Inambeba mtu mzima, ndoo yake na samaki wake bila shida. Tyubu ya gari dogo haifiki lita 50. Ndiyo ile unayoona mtu ameikalia imezama hadi maji yanamgusa kifuani, wimbi dogo tu linamnywesha. Hiyo usiinunue kwa kuvulia. Ina kazi nyingine nitakayoitaja.

Ukifika kwa fundi, usiitazame ikiwa imekunjwa. Mwambie ajaze upepo mbele yako. Pitisha kidole kwenye mshono wote, halafu chunguza pale chini ya mdomo wa kujazia upepo, pale chuma kinapoingia kwenye mpira. Tyubu nyingi huanza kufa hapo. Ukiona nyufa ndogondogo kama za udongo wa kiangazi, mpira umezeeka. Hata ikisimama leo, kesho haitasimama. Kiraka kimoja kilichobanwa kwa moto si tatizo. Viraka vitano ni tatizo, na bei ndogo isikudanganye. Izamishe kwenye beseni kipande kwa kipande, utafute mapovu. Kisha, na hili wengi hawalifanyi, iache imejaa usiku kucha. Asubuhi ikiwa imelegea, mrudishie fundi. Mkubaliane hivyo kabla hujatoa pesa.

Ule mdomo wa chuma wa tyubu ya lori ni mrefu na umepinda. Ukiteleza unakuchoma ubavuni. Uelekeze nje, mbali na mwili, uufunge kwa kitambaa kinene na kamba ya mpira.

Jambo kubwa kuliko yote ni hili: tyubu moja ni pumzi moja. Msumari mmoja, mwiba mmoja wa samaki, na hewa yote inatoka kwa pamoja. Kule Kenya, kwenye Ziwa Baringo, wavuvi wa Ilchamus wana vyombo vidogo sana wanavyotengeneza kwa miti myepesi ya ambachi iliyofungwa pamoja. Mti mmoja ukivunjika, mingine bado inaelea. Wazungu wanaonunua tyubu za kuvulia dukani kwa kujifurahisha, nao hawakubali pumzi moja. Nyingi kati ya hizo zina mifuko miwili ya hewa au zaidi, na mmoja huwa pale mgongoni unapoegemea. Sisi hatuna duka hilo, lakini wazo lao halina bei. Chukua ile tyubu ya gari dogo niliyoikataa, ijaze, uifunge imara juu ya tyubu kubwa upande wa nyuma. Inakuwa egemeo la mgongo, na siku ile kubwa ikipasuka, una kitu cha kushika.

Na bado sijafika kwenye mwili wako. Jaketi la kuokolea ndilo linalotakiwa, na ukiweza kulipata, livae na ulifunge, usilikalie. Usipolipata, bidoni mbili za mafuta ya kupikia za lita 5, tupu, vifuniko vimekazwa, zitakuinua kichwa. Zifunge kifuani, chini ya makwapa, kwa kitenge kilichozungushwa mara mbili. Zisiwe mgongoni, maana zitakulaza kifudifudi. Hizi si sawa na jaketi, nasema wazi, zinaweza kuchomoka. Lakini ni bora kuliko shati.

(Muziki, sekunde 15)

Tunaendelea. Kiti.

Watu hupenda kufuma kamba katikati ya tyubu mpaka ikawa kama kitanda, halafu wanapasua matundu mawili madogo ya miguu. Huo ni mtego. Tyubu ikipinduka, kichwa kinaenda chini na miguu inabaki imenaswa juu. Kiti kizuri ni mkanda mmoja mpana, gunia lililokunjwa mara tatu au kipande cha mkanda wa mzigo, unaopita chini ya makalio kutoka upande mmoja hadi mwingine. Mbele pawe wazi. Usijifunge kwenye tyubu kwa namna yoyote, hata kama unadhani utasinzia. Anayesinzia aende nyumbani. Kabla ya siku ya kwanza ya kuvua, ingia nayo kwenye maji ya magoti, mwenzako akupindue makusudi, ujifunze kutoka. Rudia mpaka mchoke kucheka. Na asiyejua kuogelea asikae juu ya tyubu kabisa, hata kama amevaa nini.

Juu ya tyubu tandika turubai kuukuu au gunia, pande zote. Samaki wetu wana silaha. Kambale ana mwiba mgumu kwenye kila pezi la ubavuni, na akijipinda anatoboa mpira na kiganja pamoja. Ngege ana miiba mgongoni. Usimvute kambale mapajani. Mwinue juu ya maji kwa mshipi, umwingize moja kwa moja kwenye ndoo yenye kifuniko. Ndoana zako zichomeke kwenye kipande cha kandambili iliyochakaa, moja moja, usizibebe zimelegea. Ndoana ndiyo adui wa kwanza wa tyubu, na wewe ndiye unayempeleka safari.

Wavu? Hapana. Kuna wanaotega nyavu wakiwa kwenye tyubu. Miguu yako iko chini ya maji, wavu uko chini ya maji, na upepo ukigeuka vinakutana. Nyavu ni kazi ya mtumbwi na watu wawili.

Jua pia linafanya lake. Hewa ikipata joto inavimba, ikipoa inanywea. Ukijaza tyubu ikakaza saa 6 mchana juu ya mchanga, ukiitia majini italegea. Ukijaza ikakaza asubuhi na baridi, kisha ukaiacha juani, inaweza kupasuka. Ijaze nusu nchi kavu, itie majini ipoe kidogo, ndipo uongeze.

Mwendo wake ni wa pole mno. Kwa miguu mitupu unasogea kama kobe. Wenye mapezi ya mpira ya kuvaa miguuni huenda kinyumenyume, kwa hiyo kila baada ya muda kidogo geuza shingo utazame unakokwenda. Kwa mwendo huo huwezi kushindana na upepo. Kabla ya kuingia, rusha majani makavu juu ya maji. Yakirudi kwako, sawa. Yakienda katikati ya ziwa, siku hiyo kaa ukingoni uvue kwa fimbo. Nyinyi mliotoka Uvira, Baraka na Kalemie mnajua: usiku upepo unatoka nchi kavu kuelekea ziwani, na alfajiri bado unasukuma. Ziwa Nakivale si Tanganyika, maji yake si marefu, lakini mtu hahitaji mita 100 ili azame. Mita 2 zinatosha. Baki umbali ambao mwenzako aliye ukingoni anaweza kusikia sauti yako. Mwenzako huyo awepo kweli, na kamba ndefu mkononi, asiwe mtoto.

Sasa kiboko. Usiku anatoka kula majani, karibu na alfajiri anarudi majini. Mchana kutwa yuko majini, mara nyingi pale penye maji mafupi na karibu na mafunjo, ndipo hapohapo mnapopenda kuvua. Anaweza kukaa chini ya maji kama dakika 5 bila kutoa pua. Hivyo kusema "nimetazama, hakuna" baada ya dakika moja si kutazama. Kaa ukingoni nusu saa, ukiangalia pua, masikio, mapovu na njia zake zilizokanyagwa kwenye majani. Ukiona njia mbichi, usiingie hapo, na usikae kati yake na maji marefu. Usiingie kabla jua halijapanda, na utoke kabla halijashuka. Mtumbwi wa mbao anaupindua. Tyubu kwake ni mchezo, na haina mahali pa kuinua miguu. Kwa mamba ni hivyohivyo, na Warundi waliosikia habari za Gustave wa Rusizi hawahitaji maelezo yangu.

Hapo niseme neno moja kwa wageni. Mwenyeji wa Uganda akikwambia amevua mamba, usikimbie. Kwa Kiganda mamba ni kamongo, yule samaki mrefu wa matope. Lakini akikwambia kuna "goonya", toka majini.

Tyubu ikipasuka, utasikia mlio, au utahisi upande mmoja unashuka. Usihangaike kuokoa samaki. Achia ndoo, achia mshipi, toka kwenye kiti kwa mbele, shika ile tyubu ndogo ya nyuma kifuani, piga kelele, na piga miguu polepole kuelekea ukingoni. Aliye ukingoni arushe kamba au bidoni iliyofungwa kamba. Asijirushe majini. Anayezama humshika anayemfuata, wakashuka wote wawili.

Ukishatoka, jikaushe vizuri kwa kitambaa. Saa tatu za miguu kwenye maji matulivu yenye majani na konokono ni nafasi nzuri kwa kichocho, maana vijidudu vyake hupita kwenye ngozi isiyo na kidonda. Ukianza kukojoa damu, au tumbo likiuma na choo kikawa na damu, nenda kituo cha afya ueleze kwamba unavua ziwani. Dawa ipo, ni vidonge vya prazikwanteli, na huhesabiwa kwa uzito wako, kwa hiyo usigawane vya jirani.

Jumamosi, saa 4 asubuhi, nitakuwa nje ya studio na tyubu moja ya lori, bidoni mbili na fundi wa pancha wa sokoni. Leteni tyubu zenu tuzizamishe kwenye pipa, tuone zipi zinatoa mapovu.