Ganda la Korosho
Msikilizaji wa Mbagala, umewahi kubangua korosho kwa mkono? Basi unayajua mafuta ya ganda: yanababua ngozi, na vidole hubaki na madoa meusi siku kadhaa. Viwandani hutumika kutengenezea rangi na breki za magari.

Wanakemia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akiwemo Profesa Egid Mubofu, waliyatumia mafuta hayo kama kalibu ya kufinyangia silika yenye vitundu, ya kubebea vichocheo vya kemikali. Gramu moja ya unga wa silika ya aina hii, kuta zake za ndani zikikunjuliwa, huweza kuzidi uwanja wa netiboli. Mafuta ya mmea hupenya humo, hukutana na kichocheo, hugeuka kemikali nyingine. Kisha unga unachujwa, unatumika tena. Hapo ndipo ninapopapenda: tindikali ya maji, ikitumiwa kama kichocheo, haichujiki hivyo.