Kombora Lilikuwa na Mbio Kuliko Barua

Oktoba 1962 Marekani ya kibepari na Muungano wa Kisovieti wa kikomunisti walifika ukingoni mwa vita vya nyuklia, na hawakuwa na njia ya haraka ya kusemezana. Makombora ya Kisovieti yaliyopelekwa Cuba yangeweza kufika Washington kwa dakika chache. Barua ndefu ya Khrushchev kwa Kennedy, ya tarehe 26, ilichukua muda wa saa 12 hivi: ipitie ubalozi wa Marekani mjini Moscow, itafsiriwe, igeuzwe maandishi ya siri, itumwe vipande vipande. Balozi wa Kisovieti mjini Washington, Dobrynin, alisimulia baadaye kwamba telegramu zake zilichukuliwa na kijana wa baiskeli. Hebu fikiria, roho za mamilioni ya watu zimo katika mkoba wa tarishi!

Tarehe 27 ndege ya upelelezi ya Marekani ikatunguliwa Cuba, rubani akafa. Kesho yake Khrushchev hakungoja tarishi. Uamuzi wake wa kuondoa makombora ulisomwa hewani na Redio Moscow, Kennedy ausikie mara moja. Sisi watu wa redio tuna haki ya kujivunia siku ile. Wakubwa wenyewe sioni walijivunia nini.

Mwaka 1963 ndipo walipounganisha miji yao mikuu. Wengi hudhani ilikuwa simu nyekundu mezani kwa rais. Ilikuwa teleksi.